Vidonge vya Moyo na Fahali wa Shemeji

Hebu mwone Erastus Muhalia akiteremka kuingia Malinya, alasiri moja ya mwaka wa tisini na nane, akitoka mjini Kakamega. Koti la kaki limelala bega moja tu, maana mkono wa kushoto hataki uguswe na kitu; kwenye kiwiko amebandikwa pamba na plasta. Mkono wa kulia umeshika pakiti ya dawa kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili, vile mtu anavyombeba panya aliyekufa kumpeleka nje. Kila njia inapoinuka kidogo anasimama, anajifanya anatazama mahindi ya watu. Mkewe Mideva yuko nyuma yake na kikapu kichwani. Anasimama naye, anatazama mahindi hayo hayo. Anajua kwamba mumewe anatafuta pumzi.

Ukitaka kumwelewa Erastus, ndugu yangu, usianze na yeye. Anza na fahali wake.

Alikuwa na fahali mweusi mwenye baka jeupe usoni. Alimwita Posta kwa sababu, alisema, kila alichotumwa alikifikisha. Jumamosi za vita vya mafahali pale Malinya, ngoma za isukuti zikilia tangu alfajiri na watu wakikimbia na matawi mikononi, Posta alitoka zizini taratibu kama karani anayekwenda kazini. Sasa mwenye fahali wa kupigana, popote Ikolomani, ni mtu wa shaka. Hawezi kuwa vinginevyo. Erastus alikata majani ya Posta kwa mkono wake mwenyewe. Maji yake aliyachota mwenyewe, akayaonja kwanza, akasubiri kidogo aone kama tumbo litasema lolote. Mgeni akija aliketishwa mbele ya nyumba, na akiuliza choo kiko wapi alisindikizwa hadi mlangoni, maana njia ya choo ilipita karibu na zizi. Mtu akiokota unywele wa mkia wa fahali wako, umekwisha. Mtu akimlisha kitu usichokijua, siku ya vita miguu inageuka maji. Hivyo ndivyo walivyoamini, na wako wanaoamini hivyo mpaka leo.

Mideva aliikuta shaka hiyo nyumbani siku alipoolewa, akaizoea. Mwaka wa kwanza wa ndoa hakuruhusiwa kumpa fahali hata ganda la ndizi. Alipenda kulisimulia jambo hilo kwa wanawake wenzake akicheka. "Alinioa kwa ng'ombe," alisema, "lakini wale waliobaki hakuniamini nao."

Kaka mkubwa wa Erastus alipokufa, kucheka huko kukamwishia Mideva. Yule alikuwa mkata miwa kule Matungu. Alianguka shambani mchana kweupe, panga mkononi, na hakuinuka. Hakuwa ameugua. Watu wakasema ni sumu, na Erastus ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaanza kubanwa kifua kila anapompelekea Posta majani, na jasho likimtoka hata asubuhi ya baridi. Mideva akaona sura ya marehemu katika sura ya mumewe. Toka siku hiyo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, asubuhi na jioni: huyu asianguke kama yule.

Ndipo mtoto wao Sammy, karani mjini, akawatafutia daktari katika zahanati moja ya Amalemba. Daktari Wanzala alikuwa kijana wa miwani, mpole, na alikuwa akifanya utafiti. Dawa alitoa bila malipo, ila ilibidi achukue damu ya mgonjwa kabla ya dawa, na kuichukua tena baadaye. Damu yenyewe ilipelekwa Nairobi. Hapo hapo Erastus akamtazama mkewe. Wewe unaikumbuka miaka ile: mtu hakuweza kwenda sokoni asisikie habari za waabudu shetani na watu wanaouza damu za wenzao. Na huyu anaitaka mara mbili.

Lakini Mideva alisikiliza. Daktari alisema damu ya mzee imebeba mafuta mengi mno, yale yanayoitwa kolesteroli. Yako mabaya na yako mazuri. Mabaya hujipenyeza katika ukuta wa mshipa wa moyo, na yakikaa mle yakachacha, ndipo yanapojenga uvimbe wa kuziba njia. Neno hilo la kuchacha Mideva alilielewa upesi, kwa kuwa alitengeneza samli yake mwenyewe na alijua jinsi samli iliyochacha inavyokwaruza koo. Akauliza ni kitu gani huyazuia mafuta ya mtu yasichache. Daktari akafurahi kuulizwa. Akasema mwili una walinzi wake, ndio vimeng'enya, na mmoja wao husafiri katika damu akiwa amepanda juu ya yale mafuta mazuri. Kazi yake ni hiyo tu, kuzuia mafuta yasiharibike. Kwa mzee, mlinzi huyo alikuwa amelegea. Sasa dawa hii, ya kundi la statini, huenda kwenye ini, mahali mwili unapojitengenezea kolesteroli, ikapunguza kazi hiyo.

"Kwamba mafuta yatashuka, hilo tunalijua," daktari alisema. "Kama na yule mlinzi ataamka, hicho ndicho ninachokitafuta. Ndiyo sababu napima kabla na baada."

"Kwa hiyo hujui," Erastus akasema.

"Hilo la mlinzi, bado, mzee."

Mideva alimpenda daktari kwa jibu hilo. Erastus alimchukia kwa jibu hilo hilo.

Kisha daktari akawapa maagizo. Kidonge kimoja kila jioni baada ya chakula. Mafuta ya kukaangia yapunguzwe, ngozi ya kuku iachwe, na mbio mzee aziache kabisa. Na jambo la mwisho: kwa watu wachache dawa hii huumiza misuli au kuilegeza. Mzee akihisi mapaja yanalegea, asisubiri, aje mara moja.

"Inalegeza misuli," Erastus akarudia.

"Kwa wachache."

"Mapaja."

"Ndiyo, mzee. Mara nyingi mapaja."

Ndivyo alivyorudi nyumbani siku ile uliyomwona, ameishika pakiti kwa vidole viwili. Akaichomeka katika paa la nyumba, juu ya kitanda, na kwa siku kadhaa kila Mideva alipoitaja, alijibiwa kwamba dawa haikimbii.

Halafu ghafla mambo yakabadilika, na yalibadilika vizuri mno, ndiyo maana Mideva hakuyaamini. Pakiti ilitoka paani ikahamia mfukoni mwa koti. Jioni baada ya obusuma, yaani ugali, na mboga Erastus alijifuta mdomo, akasema anakwenda kumalizia dawa yake njiani kwa sababu maji ya nyumbani yanaifanya iwe chungu. Njiani wapi? Kumsalimia dada yake, Ayuma.

Hapa lazima nikusimamishe kidogo. Ayuma, dada yake Erastus wa tumbo moja, aliolewa na Makhanu wa ng'ambo ya kijito. Naye Makhanu ndiye mwenye Skadi, fahali mwekundu aliyepewa jina la yale makombora ya vita vya Ghuba. Posta na Skadi walikuwa wamepangiwa kukutana. Tangu mashemeji hao waanze kufuga mafahali wa vita, Erastus hakukanyaga kwa dada yake ila kwenye msiba. Leo anamsalimia kila jioni?

Mideva akawaza alichowaza, kama ambavyo mke yeyote angewaza. Akaanza kulinusa koti. Halikuwa na harufu ya mwanamke wala ya pombe. Lilinuka ndizi. Akautazama mkungu uliokuwa ukiiva jikoni, akaona ndizi zinapungua mojamoja, kutoka upande wa ukutani ambako mtu hatazami. Basi akawa anatafuta ni mwanamke gani wa ng'ambo ya kijito anayetongozwa kwa ndizi moja moja. Akawapitia wote kichwani, wajane na wasio wajane, akakosa hata mmoja wa bei rahisi namna hiyo.

Siku ya kupimwa tena ikafika. Wakarudi Amalemba, damu ikatolewa, na baadaye wakaitwa kusikia majibu. Daktari aliitazama karatasi kwa muda. Mafuta mabaya yalikuwa pale pale. Mazuri pale pale. Na yule mlinzi hakuwa ameinuka hata kidogo.

"Mzee, dawa unaimeza?"

Erastus akatoa mfukoni pakiti tupu, kila kishimo kimepasuliwa, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kitambulisho. Daktari akaigeuzageuza. Mideva alimwona akiwaza, na alijua anawaza nini: mzee huyu anaziuza. Na Erastus naye alikuwa akimtazama daktari kwa macho ya kusema, unaona, nilijua damu yangu hukuipima. Watu watatu katika chumba kidogo, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Daktari akatoa pakiti nyingine, lakini safari hii aliitoa polepole.

Jioni ile Mideva hakwenda kuosha vyombo. Alisingizia kuni, akasimama nyuma ya jiko karibu na tundu la moshi. Akamwona mumewe akiingia, akichagua ndizi iliyoiva sana, akiipasua kwa ukucha ubavuni, akikisukuma kidonge ndani kwa kidole cha shahada, kisha akilibana ganda lake kwa uangalifu ambao hata mtoto mchanga hakuwahi kuupata kwake.

"Baba Sammy," akamwita kupitia tundu, "hiyo ndizi ni ya nani?"

Erastus hakushtuka, nampa sifa yake kwa hilo. Alikaa juu ya kigogo, ndizi mkononi, akamweleza yote kwa sauti ya mtu anayefafanua jambo rahisi. Si Mideva alimsikia daktari kwa masikio yake? Dawa hii inalegeza mapaja. Yeye hakuwa mjinga wa kuyalegeza mapaja yake. Lakini Mungu akikupa kitu cha kulegeza mapaja wiki chache kabla ya Skadi, huwezi kukitupa. Makhanu haruhusu mtu kusogelea zizi, ila jioni huwa bado yuko machimboni, anatafuta dhahabu yake, na Ayuma ndiye anayemlisha fahali. Basi kila jioni Erastus alimkabidhi dada yake ndizi mlangoni, zawadi ya mjomba kwa Skadi, wakasalimiana, akarudi.

"Na moyo wako?" Mideva akauliza.

"Moyo wangu utapona Jumamosi ile Posta akimfukuza."

"Daktari alisema wachache ndio wanaolegea. Wachache, Baba Sammy. Na wewe umelichukua neno hilo ukamvisha ng'ombe."

"Wewe unamwamini kwa sababu anaongea vizuri."

"Namwamini kwa sababu alisema hajui."

Hilo Erastus hakulielewa, na nadhani hata angepewa mwaka mzima asingelielewa. Akaondoka na ndizi yake.

Jumamosi ikafika. Sina haja ya kuitia chumvi. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi, watu wamefunga duara, filimbi na isukuti haviachi mtu asikie wazo lake mwenyewe. Mafahali waliingiliana pembe kwa pembe, wakatulia hivyo kwa muda, kila mmoja akimpima mwenziwe. Erastus alisimama mbele kabisa, hatazami pembe, anatazama mapaja ya Skadi. Mideva naye hakutazama ng'ombe hata mmoja. Alimtazama mumewe, mkono wake ulioshika kifua. Halafu Skadi akakaza shingo, akasukuma, akasukuma tena, na Posta, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akageuka akakimbia, akapita katikati ya watu hadi kwenye shamba la viazi la mtu.

Mideva alitarajia mumewe aanguke pale pale. Erastus hakuanguka. Alisimama hata ngoma za Makhanu zilipompita puani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari mpya.

Jioni baada ya chakula akaomba maji. Akatoa kidonge, akakiweka ulimini, akameza. Mideva alibaki ameshika mwiko.

"Umeyaona yale mapaja?" Erastus akasema. "Yule ng'ombe ameila dawa hiyo wiki baada ya wiki, na angalia. Daktari wako alitudanganya. Hii si ya kulegeza. Hii ni ya nguvu, na hawataki watu wa kawaida waijue."

Toka jioni hiyo hakukosa. Aliacha na ngozi ya ingokho, yule kuku aliyekatazwa na daktari, kwa kuwa aliamini Skadi naye hali mafuta. Mideva akamshukuru Mungu, ingawa alishindwa kujua ni kwa jambo lipi hasa.

Siku moja baadaye alikutana na Ayuma kijitoni, wote wawili na mitungi. Ayuma akatazama huku na huku, kisha akauliza kama Erastus bado ana hasira. Mideva akasema hapana. Ayuma akashusha pumzi ndefu.

"Mulamwa, nikuambie kitu kifie hapa hapa," akasema, kwa lile jina ambalo mawifi wa kwetu huitana. "Mimi nimezaliwa na yule mtu. Tangu lini Erastus akamletea mtu ndizi?"

Siku ya kwanza kabisa alipopewa ile ndizi aliiminya, akahisi kitu kigumu. Kidonge akakitupa chooni. Kesho yake vilevile, na kila jioni iliyofuata. Hakumwambia Makhanu, kwa sababu Makhanu angechukua panga, na damu ingemwagika kati ya mume wake na kaka yake. Skadi hakuonja kidonge hata kimoja.

"Na ndizi?"

"Ndizi nilikula mwenyewe. Zilikuwa tamu, mulamwa, ulizipata wapi?"

Mideva alicheka hadi akauweka mtungi chini. Alipoacha kucheka akaogopa. Ushahidi wote aliokuwa nao mumewe ulikuwa umezama chooni kwa Makhanu.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kingine kabisa. Mafuta mabaya yalikuwa yameshuka sana, mazuri yamepanda kidogo, na yule mlinzi, kimeng'enya kile, alikuwa ameongezeka kuliko alivyokuwa katika vipimo viwili vya kwanza. Daktari Wanzala hakuruka kwa furaha. Alisema mtu mmoja hatoshi, akipata wengi wenye majibu kama haya ndipo atasema lolote, tena huenda mzee pia amebadilisha chakula. Lakini kwa mafuta hana shaka: dawa imefanya kazi. Akauliza ni nini kilichobadilika.

"Niliona kazi yake kwa macho," Erastus akajibu.

Njiani Mideva alijaribu kuisifu ile karatasi. Erastus akasema karatasi huandikwa na mtu, na mtu huwa na sababu zake. Skadi hakuandikwa na mtu. Na kweli Erastus alikuwa ameanza kuziamini nguvu za dawa hiyo kupita kiasi. Siku za ngoma alikimbia tena kando ya Posta, tawi mkononi, kama kijana. Daktari alikuwa amemkataza kukimbia. Mideva hakujua ashukuru kwa vidonge au alie kwa zile mbio.

Halafu kukawa na matanga kwa jirani. Watu wamekaa kwa vikundi, chakula kinapita, na Erastus, aliyekuwa siku hizo na moyo mwema kwa dada yake, akamnyooshea ndizi kutoka kwenye sinia. Ayuma akaisukuma.

"Mwaka huu nimezishiba," akasema, bila kufikiri.

Wanawake wakaendelea na mazungumzo yao. Mideva peke yake ndiye aliyemwona Erastus akiurudisha mkono polepole, ndizi bado imo, macho yake yakiwa juu ya dada yake. Ni macho yale yale aliyomtazamia mgeni anayeuliza choo kiko wapi.

Jioni alikula, akajifuta mdomo, akaomba maji. Akakitoa kidonge, lakini hakukitia mdomoni. Alikishika kwenye kiganja, akakiangalia, akamwangalia mkewe.

"Mama Sammy, nyinyi wanawake huambiana. Skadi alikula zile ndizi, au hakula?"

Mideva alijua kwamba akisema alikula, kidonge kitamezwa, na kesho kingine, na mume wake ataendelea kukimbia mbele ya ngoma kwa nguvu ambazo hana, akimwamini ng'ombe aliyekula majani tu. Na uongo huo yeye na Ayuma wataubeba mbele ya mtu ambaye kazi yake ya maisha yote ni kunusa uongo. Akisema hakula, kaka na dada wamekwisha, na kidonge huenda kikafuata wenzake chooni. Au huenda, kwa kukosa ng'ombe wa kumtegemea, mtu huyu akaanza hatimaye kuiamini damu yake mwenyewe. Maji yalikuwa tayari kikombeni, na kiganja cha Erastus bado kiko wazi.

Wewe ungekuwa Mideva, ungemjibu nini?